Mtoto wa miezi 7 anaharisha siku ya pili, na ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) anaikataa. Nifanyeje?

Mama Nadhif, Mtopanga, Mombasa. Saa 3:40 usiku

Asalaam aleikum jamani. Mwanangu ana miezi 7 na wiki moja. Tangu jana alfajiri anaharisha. Jana nilihesabu mara sita, leo nimechoka kuhesabu, pengine tisa. Ni majimaji ya manjano yanayoelekea kijani, damu hakuna. Jana alitapika mara mbili, leo mara moja, wakati wa magharibi. Joto lilikuwepo jana, leo si sana.

Nilimpeleka kemisti karibu na stejini. Yule kijana hata mtoto hakumwangalia, aliniuliza umri tu, akanipa chupa ya Flagyl ya watoto, vidonge vingine vya kufunga tumbo nivivunje nusu (amevitia kwenye kikaratasi, jina hakuandika, ameandika 1x3) na pakiti mbili za ORS. Nikatoa shilingi 650. Hivyo vidonge sijampa bado, moyo unakataa.

Sasa shida ni ORS. Nimechemsha maji vizuri mpaka yakatokota, yakapoa, nikatia pakiti kwenye chupa yake ya maziwa, nikatikisa. Akionja anakunja uso, anaisukuma kwa ulimi. Dakika hiyo hiyo analia kama mwenye kiu. Titi anashika. Lakini mama mkwe anasema ni meno, na nisimnyonyeshe mpaka tumbo litulie, maziwa yangu yamepata joto kwa sababu nashinda juani (nauza viazi karai na bajia hapo kona).

Nimlazimishe ORS? Niache kumnyonyesha? Baba yake yuko zamu ya usiku bandarini, niko na mama mkwe peke yetu.

Mvuvi wa Kibokoni. Saa 3:52

Pole mama. Sisi tulilelewa kwa dafu. Tafuta dafu changa, si la nazi ngumu, mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Halina mdudu lile, limefungwa na Mola.

Ummu Swafwan. Saa 3:55

Meno hayo dada. Wangu wote watatu waliharisha kwa meno, wakiwa na miezi saba hivi hivi. Yatapita.

Bi Nesi Mstaafu, Majengo. Saa 3:58

Mamangu, meno na madafu tuyaweke kando kwanza. Nijibu haya upesi. Hiyo chupa ya mtoto ni ya kiasi gani, na pakiti yaandikwa nini? Maji ni ya wapi: mfereji, mkokoteni au kisima? Amekojoa lini mara ya mwisho? Kisha mlaze chali, umfinye ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, uiachie. Yarudi papo hapo, ama yasimama kama tuta kabla ya kulala? Na mtizame macho.

Mama Nadhif. Saa 4:06

Shikamoo Bi. Chupa ni ya mililita 250. Pakiti imeandikwa 500, sasa ndio naiona, maandishi madogo. Maji ni ya kisima cha hapa nyumbani, mfereji hautoi wiki ya pili sasa. Alikojoa baada ya alasiri, nafikiri, lakini daipa imechanganyika na yale majimaji sina hakika. Ngozi inarudi, ila si haraka kama ya kwangu mwenyewe. Macho mama mkwe anasema yameingia kidogo. Amelala, nikimgusa anaamka analia kwa hasira.

Bi Nesi Mstaafu. Saa 4:15

Marahaba mwanangu. Mwaga hiyo chupa. Usiiweke mpaka kesho, imwage sasa hivi.

Mtoto wako yuna akili kutushinda sisi wote humu. Pakiti ya nusu lita umeitia kwenye robo lita, basi chumvi imekuwa maradufu. Tena umetumia maji ya kisima cha Kisauni, ambayo yenyewe yana chumvi yake kabla hujatia chochote. Wajua vizuri sabuni haitoi povu kwa maji hayo. Umeyachemsha, umefanya vyema, vijidudu vimekufa. Lakini chumvi haifi kwa moto. Maji yakipungua kwenye sufuria, chumvi iliyobaki yazidi kukolea. Alipokunja uso alikuwa akikwambia.

Na si ladha peke yake. ORS yafanya kazi kwa sababu sukari na chumvi vikiwa kwa kipimo chao vyashikana mkono kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji yafuata nyuma yao, hata wakati utumbo wenyewe wavuja. Chumvi ikizidi mambo hugeuka: maji yatoka mwilini kufuata chumvi. Mtoto aharisha zaidi, awa na kiu zaidi, awa mkali. Ikizidi sana huleta hata degedege. Alikunywa kiasi gani?

Dawa ukishaichanganya, onja mwenyewe kabla ya mtoto. Isizidi chumvi ya machozi yako. Ikizidi, mwaga.

Fanya hivi. Mtume mtu dukani alete maji ya chupa ya nusu lita, ile iliyofungwa. Hapo umepata maji na kipimo kwa pesa moja. Yamimine yote kwenye jagi safi, tia pakiti yote, koroga mpaka uone chini kweupe. Usiongeze sukari, wala juisi, wala maziwa. Chupa ya kunyonyea iache kabatini, tumia kikombe na kijiko cha chai. Kijiko kimoja, hesabu dakika moja au mbili, kijiko kingine. Akitapika ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Chupa humfanya agugumie, tumbo lijae kwa ghafla, arudishe yote, kisha mama aseme "ORS haimkai".

Kunyonyesha usiache hata nusu saa. Mwambie mama mkwe wako, kwa adabu, kwamba maziwa ya mama hayapati joto kwa jua. Ukikaa juani jasho lakutoka wewe, maziwa yako pale pale. Tena kwa mtoto anayeharisha ndiyo maji yake ya kwanza.

Hivyo vidonge visivyo na jina, usimpe. Dawa za kufunga tumbo si za watoto wachanga. Kwao utumbo waweza kulala kabisa, uchafu ubaki ndani, tumbo livimbe. Na Flagyl ni ya amiba na jamii yake, vijidudu vya tumboni, tena mtu awe ameona sababu. Kuharisha kwingi kwa umri huu ni kwa virusi, na virusi havimjui Flagyl. Kijana wa kemisti alikuuzia visivyohitajika, akakunyima kilichohitajika, zinki. Tutaifikia.

Sasa sikiza. Macho yaliyoingia, ngozi inayokawia, hasira na kiu: hizo zikikutana, mtoto amepungukiwa na maji, na hiyo si kazi ya kufanya nyumbani peke yako usiku. Changanya hiyo jagi, shika njia uende hospitali inayopokea usiku, ukimpa vijiko njiani. Sikutishi, ukija akiwa hivi, kwa kawaida huwa hakuna hata sindano. Lakini ukiona amelegea, haamki vizuri, hawezi kumeza, au ashtuka-shtuka, hapo hata jagi usingojee, toka mbio.

Mama Nadhif. Saa 4:21

Alikunywa vijiko sita saba tu, mengine alitema. Ya Rabi. Nimemwaga. Maji yanaletwa. Natafuta tuktuk.

Dere wa Tuktuk, Kisauni. Saa 4:24

Mama Nadhif, niko Mtopanga hapa hapa, nimemshusha mtu. Nitumie ujumbe wa ndani uniambie ni wapi. Pesa tutaongea kesho. Na jagi lifunike, barabara yetu unaijua, litamwagika lote kabla ya lami.

Mjukuu wa Changamwe. Saa 4:40

Samahanini wakubwa, lakini mtu atoke usiku wa manane kwa ajili ya maji ya chumvi na sukari? Si angechanganya tu nyumbani? Mimi nikisikia hospitali wanampa mtoto kikombe na kijiko naondoka naye, nampeleka mahali watamtundikia dripu. Hiyo ndiyo matibabu.

Bi Nesi Mstaafu. Saa 5:05 usiku

Mjukuu, hiyo dripu mwaipenda kwa kuwa yaonekana. Yaning'inia, yadondoka, jamaa wakija kutazama mgonjwa waridhika. Nimeshika mikono ya watoto wengi kutafuta mshipa. Mtoto aliyekauka mshipa wake hujificha, wamchoma huyu mara tatu mara nne, mama yuko mlangoni alia. Dripu ni ya aliyelegea asiyeweza kumeza. Anayemeza, mdomo ndio njia.

Hayo maji ya chumvi na sukari usiyadharau. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walimiminika mpaka Bangaon upande wa India, kipindupindu kikaingia kambini. Daktari Dilip Mahalanabis dripu zilikuwa zamwishia. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwa kipimo kwenye mapipa, jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Wala hakuwa na wauguzi wa kutosha, alikuwa na mapipa na vikombe.

Na ndio, nyumbani yawezekana kuchanganya: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha kwa kisu, chumvi NUSU kijiko cha kusawazisha. Lakini hiyo ni ya kushikilia mpaka upate pakiti. Haina potasiamu, madini mengine ambayo pakiti inayo, na mkono wa mwanadamu hauaminiki. Ona Mama Nadhif, alikuwa na pakiti iliyopimwa kiwandani na bado imemteleza. Hata WHO, shirika la afya duniani, walipunguza chumvi ya pakiti mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa ile ya zamani tuliyokuwa tukitumia sisi ilionekana kuzidi kidogo.

Nitawaambia jambo moja kisha nilale, nina dawa ya presha ya kumeza. Mwaka 1989 nikiwa mwanagenzi bado, nilikwenda likizo kwa dada yangu Likoni. Mtoto wake alikuwa na miezi tisa. Siku mbili alikuwa akiharisha, na siku mbili hizo wazee walikuwa wamemnyima maji "ili tumbo lifunge". Na kweli lilikuwa limefunga! Hakuwa akiharisha tena, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kutoa. Utosi ulikuwa umezama, ungeliweka mbaazi pale isingeanguka. Alikuwa akilia bila machozi, mdomo wazi, sauti kama ya paka. Mimi na mafunzo yangu yote nilikuwa nikitetemeka. Tulivuka feri naye nikimtia maji kwa ncha ya kidole, na feri siku hiyo, wajua tena, ilingoja magari yajae. Alipona. Sasa yuafanya kazi bandarini, mtu mzima, ana tumbo. Lakini mimi tangu siku ile mtu akiniambia "tumbo limefunga" huuliza kwanza, limefunga au limekauka?

Mvuvi wa Kibokoni. Saa 5:20

Bi, na dafu langu vipi? Umeliruka.

Bi Nesi Mstaafu. Saa 5:26

Sijaliruka, nilikuwa nikikuheshimu. Dafu ni zuri, mtoto aliyepita miezi sita apewe vijiko kadhaa hakuna neno. Lina potasiamu nyingi. Chumvi ndiyo hafifu, na chumvi ndiyo anayoipoteza huyu, kwa hivyo haliwi badala ya ORS. Na hilo la kufungwa na Mola ni kweli mpaka muuzaji alifungue. Tizama panga lake na ile ndoo anayolisuuzia, maji ya saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Ukitaka la mtoto, lipasue mwenyewe nyumbani.

Na wewe Ummu Swafwan, meno: miezi saba ndiyo mtoto aanza kutambaa. Kila kilichoko mkekani hukitia mdomoni, viatu, kamba, kigae cha kuku. Pia ndio mwezi aanzishwa uji. Meno huja wakati huo huo, basi yabeba lawama. Fizi hazina uwezo wa kuendesha tumbo mara tisa.

Mama Nadhif. Kesho yake, saa 5:10 asubuhi

Tumerudi, alhamdulillahi. Sikulala lakini nina furaha.

Dere Mungu akulipe, pesa amekataa. Jagi lilifika nusu.

Tulipofika walimpima kwanza, kilo 7.2. Nilikuwa na wasiwasi nitacheka au nitalia nikiwaeleza ile chupa, lakini niliwaeleza yote, hadi vile vijiko sita saba vya ORS ya chumvi nyingi. Daktari alimfinya ngozi pale pale uliponiambia Bi. Akasema ni upungufu wa kiasi, si mkubwa, wakapiga hesabu: uzito mara 75, ikawa mililita 540 kwa saa nne. Nikapewa kikombe chenye mistari, tukakaa kwenye benchi mimi na mama mkwe na wamama wengine watatu, kila mmoja na kijiko chake, kama tuko kwenye maulidi tunakunywa kahawa. Mama mkwe kila nusu saa ananong'ona, "dripu wataleta saa ngapi?" Dripu haikuja.

Na ORS akainywa! Ile ile aliyokuwa akiitema. Vijiko vya kwanza alitazama kwa shaka, kisha akawa anafuata kijiko kwa mdomo kama kifaranga. Nilionja kabla. Kweli ni kama machozi, na mimi nilikuwa na ya kulinganisha nayo. Alitapika mara moja, nikangoja dakika 10, nikaendelea. Saa kumi na moja alfajiri alikojoa, daipa nzito kabisa. Nilimwonyesha nesi kana kwamba ni cheti cha shule.

Wamenipa pakiti nyingine na zinki. Ni miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 10 mpaka 14. Nimeambiwa nikiyeyushe kwenye kijiko kwa maziwa yangu. Flagyl wamesema niache, kwa sababu damu hakuna. Ameharisha tena mara mbili tangu tutoke. Je, zinki niendelee hata akipona kesho? Na ORS nimpe mpaka lini?

Bi Nesi Mstaafu. Saa 6:30 mchana

Nilikuwa nikikuwaza tangu swala ya alfajiri.

Zinki maliza siku zote, hata akiwa yuacheza kesho. Wamama wengi huacha siku ya tatu. Yapunguza ukali wa huku kuharisha na yapunguza uwezekano wa kurudi miezi miwili mitatu ijayo, lakini kwa aliyemaliza. Wengine watakaosoma: mtoto wa chini ya miezi 6 ni nusu ya kipimo, miligramu 10.

ORS: kila akiharisha mpe robo kikombe mpaka nusu kikombe cha chai, yaani mililita 50 mpaka 100, hadi kuharisha kuishe. Iliyokwisha changanywa ikipita saa 24 mwaga, changanya mpya. Uji wake mrudishie leo leo, utie kijiko cha mafuta, usimlaze na njaa. Tumbo litaendelea siku kadhaa, laweza kufika wiki; usihesabu mara ngapi tu, hesabu daipa za mkojo. Akitoa damu, au akikataa titi, au akirudia macho yale ya jana, rudi.

Na kisima chako mwanangu. Shimo la choo liko umbali gani? Sina haja unijibu hapa. Chini yetu ni mchanga na matumbawe, maji yapita kama kwenye chujio la chai, na masika yakija kila kitu chatembea. Ya kuoshea vyombo vya mtoto na ya kunywa, chemsha au tia dawa ya maji. Ya kuchanganyia ORS, ya kisima hapana, hata yakichemshwa. Nunua mtungi wa maji matamu kwa mkokoteni uyachemshe, uyaweke kwa ndoo yenye kifuniko na kata yake.

Tizama pia kitabu chake cha kliniki kama alipata chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto. Kenya ilianza kuitoa Julai 2014, ya kwanza mtoto akiwa wiki 6. Mimi nilikuwa kazini bado mwaka ule, na wodi yetu twaliona tofauti kwa macho.

Ummu Swafwan. Saa 7:02 mchana

Mimi nimenyamaza tu nasoma. Wa mwisho wangu, nilimpa pakiti kwa chupa ya maziwa vivyo hivyo. Astaghfirullah.

Mama Nadhif. Saa 2:15 usiku

Rota alipata, iko kwenye kitabu. Leo jioni ameharisha mara moja tangu alasiri na amemtupia mama mkwe kijiko cha uji usoni, kwa hivyo nguvu zimerudi.

Ile chupa ya nusu lita nimeiosha nimeiweka. Nimeipiga mstari wa piko shingoni pale maji yalipofikia, ili mtu yeyote humu ndani akichanganya asikisie. Mama mkwe ndiye aliyeshika chupa nikichora, akanisahihisha mstari umepinda. Jirani wa chumba cha nyuma kashasikia habari, amekuja kuiazima kwa mwanawe. Nimempa pakiti moja, chupa nimemwambia anunue yake.